Mshipa Hauugui Peke Yake

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la The Lancet, la London, lilichapa taarifa ya daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kenya ulio karibu na Ziwa Viktoria. Kwa muda wa miaka miwili hivi hospitali yake ililaza wagonjwa 1,800, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na presha ya juu. Donnison akatoka wodini, akawapima watu 1,000 wasiokuwa wagonjwa, vijana kwa wazee. Kwa Wazungu presha ilikuwa ikipanda kadiri umri ulivyosogea. Kwa watu wa Kavirondo ilipanda hadi utu uzima, kisha baada ya miaka 40 ikaanza kushuka. Kukakamaa kwa mishipa ya damu, jambo ambalo Ulaya lilihesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, hakukuona kwa mgonjwa yeyote.

Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu wanne, mmoja hivi alikuwa na presha ya juu, na katika kila watu 100, zaidi ya tisa walikuwa na kisukari. Nasaba ya watu haibadiliki ndani ya vizazi vitatu au vinne. Kilichobadilika ni maisha. Namna maisha hayo yanavyofika hadi kwenye ukuta wa ateri haikujulikana kwa siku moja wala na mtu mmoja. Ilijulikana kwa kuchelewa sana, kwa sababu kwa karibu karne nzima waliochunguza mishipa na waliochunguza sukari walifanya kazi pasipo kusikilizana.

Waliochunguza mishipa walianza na maiti. Katikati ya karne ya 19 mabingwa wawili walitofautiana. Karl von Rokitansky, wa Vienna, alishikilia kwamba utando unaoonekana ndani ya ateri umetokana na damu yenyewe, inayoganda na kujibandika ukutani, kisha ikageuka mafuta. Rudolf Virchow, Mjerumani, alisema hapana: ukuta wenyewe unaugua, umepatwa na mwako, yaani ile hali ya mwili kujihami kwa joto na uvimbe, na mafuta hujikusanya katika mwako huo. Mwaka 1904 Felix Marchand wa Leipzig akaupa ugonjwa huo jina la atherosklerosi, kwa kuwa alikuta vitu viwili pamoja: rojo ya mafuta na ukuta uliokakamaa.

Hatua kubwa ilipigwa St. Petersburg mwaka 1913. Nikolai Anichkov, daktari kijana, pamoja na mwanafunzi Semyon Chalatov, walichukua kolesteroli iliyotolewa kwenye viini vya mayai, wakaiyeyusha katika mafuta ya alizeti na kuwalisha sungura. Sungura wengine walipewa mafuta ya alizeti matupu. Kundi la pili halikudhurika. Kundi la kwanza, baada ya muda, lilikuwa na michirizi ya manjano ndani ya mishipa mikuu, na Anichkov alipoiweka chini ya darubini aliona seli zilizojaa matone madogo ya mafuta, moja kando ya jingine, hata zikafanana na povu. Alikuwa amekiona kiini cha ugonjwa unaoua watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa wakati wetu. Lakini wenzake walipojaribu kwa panya na mbwa hawakupata kitu, kwa kuwa wanyama hao wana uwezo mkubwa wa kuigeuza kolesteroli kuwa nyongo. Basi ikasemwa kwamba sungura, mla majani, alilishwa kitu ambacho hakuumbiwa kukila, na kazi ya Anichkov ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Upande wa sukari mambo yalikwenda kasi zaidi. Januari 1922, mjini Toronto, insulini iliyotolewa kwenye kongosho la mnyama ilidungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana aliyekuwa akifa kwa kisukari, naye akaishi. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini wagonjwa walipoanza kuishi miaka mingi zaidi, likajitokeza jambo ambalo Elliott Joslin wa Boston, bingwa wa kisukari wa Marekani, alilieleza waziwazi mwaka 1927: mgonjwa wa kisukari ambaye zamani alikufa kwa kuzimia, sasa alikuwa akifa kwa mishipa. Insulini iliondoa kifo cha haraka, na nyuma yake kikaonekana kifo cha polepole. Wakati huohuo Gregorio Marañón huko Hispania na Eskil Kylin huko Uswidi walikuwa wakiandika kuhusu watu wenye presha na sukari kwa pamoja. Mwaka 1923 Kylin aliongeza la tatu, asidi ya yuriki, ile iletayo jongo. Aliyaona magonjwa matatu katika mtu mmoja, na akasisitiza kwamba hayakukutana kwa bahati.

Kisha akaja Harold Himsworth. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, akifanya kazi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha London, na alikuwa na swali jepesi: kama kisukari ni upungufu wa insulini, mbona baadhi ya wagonjwa wakipewa insulini hawapati nafuu ipasavyo? Alibuni jaribio ambalo hata leo linasomeka kwa urahisi. Mgonjwa alikunywa maji ya sukari, na papo hapo akadungwa insulini kwenye mshipa. Damu ikachukuliwa kila baada ya dakika chache. Kwa wagonjwa wengine sukari ya damu ilitulia au kushuka, ishara kwamba insulini imefanya kazi yake. Kwa wengine ilipanda kana kwamba hawakudungwa kitu. Insulini ilibisha hodi kwenye seli za misuli, na seli hazikuitikia.

Makala ya Himsworth ilitoka mwaka 1936. Wengi huikumbuka kwa kuwa iligawa kisukari katika aina mbili. Mimi naona uzito wake uko katika maelezo ya wagonjwa wenyewe. Waliosikia insulini, aliandika, kwa kawaida walikuwa vijana, wembamba, presha yao ya kawaida na mishipa yao mizima. Wasiosikia walielekea kuwa watu wazima, wanene, wenye presha ya juu na mishipa iliyokakamaa. Hapo, katika maneno machache, sukari, unene, presha na ateri vilikuwa vimekalishwa kwenye mkeka mmoja, miaka 52 kabla ya mtu mwingine kupata sifa kwa kusema hivyohivyo. Kipimo cha kuonyesha insulini iliyomo katika damu hakikuwapo bado, kwa hiyo wengi waliendelea kuamini kwamba wagonjwa wote wa kisukari wana upungufu wa insulini tu.

Mtu mwingine aliyetangulia wakati wake alikuwa Jean Vague, daktari wa Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1947 aliandika kwamba unene si jambo moja. Kuna unene wa juu, wa tumboni na mabegani, unaowapata zaidi wanaume, na kuna unene wa chini, wa nyonga na mapaja, unaowapata zaidi wanawake. Alipima unene wa mafuta chini ya ngozi ya mkono na paja, akalinganisha, na akasema kwamba unene wa juu ndio unaofuatana na kisukari, jongo na atherosklerosi. Mwanamke mwenye unene wa kiume hupata magonjwa ya kiume, na mwanamume mwenye nyonga nene huweza kusalimika. Wakati huo madaktari walikuwa wakipima kilo tu, na wazo la kwamba mahali mafuta yanapokaa panaweza kuwa na uzito kuliko wingi wake halikupata wasikilizaji kwa zaidi ya miaka 30.

Sababu mojawapo ni kwamba macho ya dunia yalikuwa Marekani, na Marekani ilikuwa imeingiwa na hofu ya moyo. Rais Roosevelt alikufa mwaka 1945 kwa kiharusi baada ya presha yake kupanda miaka mingi bila dawa ya maana. Mwaka 1948 ukaanza uchunguzi wa Framingham, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, ambako watu 5,209 walikubali kupimwa mara kwa mara maisha yao yote. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi walichapisha matokeo ya kuwapasua wanajeshi 300 wa Marekani waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 kati yao tayari walikuwa na dalili za ugonjwa katika ateri za moyo. Vijana waliopita mtihani wa afya wa jeshi! Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wazee ulikuwa umeanza kujijenga kabla hawajaoa.

Sungura wa Anichkov wakakumbukwa tena. Framingham ilionyesha kwamba kolesteroli, presha na sigara hutangulia mshtuko wa moyo, na tangu hapo kolesteroli ikakaa kiti cha mbele. Haikuwa kosa, ushahidi wake ni thabiti, na dawa za kuipunguza zimeokoa mamilioni ya watu. Lakini iliwafunika wengine. Mwaka 1959 Margaret Albrink na Evelyn Man, wa Chuo Kikuu cha Yale, walionyesha kwamba wagonjwa wa ateri za moyo mara nyingi walikuwa na wingi wa mafuta ya aina nyingine katika damu, trigliseridi. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakiwa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York, walichapisha njia ya kupima insulini yenyewe katika damu, kazi iliyompa Yalow Tuzo ya Nobel mwaka 1977, baada ya Berson kufariki. Wakagundua kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani hawana upungufu wa insulini. Wanayo tele. Himsworth alikuwa amesema kweli.

Afrika Mashariki inaingia tena hapa, na inaingia kwa ushahidi ambao haukupatikana penginepo. Hugh Trowell, daktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameishi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929. Mwaka 1956, pamoja na daktari mwenzake Singh, alichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki taarifa ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa ateri za moyo. Mgonjwa mmoja tu, na alistahili makala, kwa jinsi alivyokuwa adimu. Miaka minne baadaye wachunguzi wa maiti walilinganisha wafu 632 wa Uganda na wafu 632 wa St. Louis, Marekani, waliolingana umri. St. Louis, 136 walikuwa na alama za mshtuko wa moyo. Uganda, mmoja.

Ilikuwa rahisi kusema Mwafrika kaumbwa hivyo. Lakini watu weusi wa Marekani, wenye asili ya Afrika vilevile, walikuwa wakifa kwa presha na kwa moyo. Na mjini Kampala kwenyewe palikuwa na kundi la pili lililotoa funzo kubwa zaidi. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones walieleza kwamba ugonjwa huo, ambao karibu haukuwapo kwa Waganda waliokula matoke na viazi vitamu, ulikuwa tatizo kubwa kwa Wahindi wa Uganda. Jiji lilikuwa moja, hali ya hewa ni ileile, hospitali ni ileile. Shaper na Jones walitazama kolesteroli na chakula, na kwa kweli kolesteroli ya Wahindi ilikuwa juu zaidi.

Jibu kamili lilikuja kwa mzunguko mrefu. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wengi wao walihamia Uingereza, ambako watu wenye asili ya Bara Hindi walikuwa wakifa kwa moyo kuliko Waingereza. Mwaka 1991 Paul McKeigue na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanyika Southall, mtaa wa magharibi mwa London wenye Wahindi wengi. Safari hii kolesteroli haikueleza tofauti. Kilichoeleza ni kiuno: kwa uzito uleule, Wahindi walikuwa na mafuta mengi zaidi tumboni, insulini nyingi, trigliseridi nyingi, kolesteroli njema ya HDL kidogo, na kisukari kingi. Unene ule wa juu wa Jean Vague ulikuwa umepata mashahidi.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa Wamasai wa Tanganyika. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na mashaka juu ya fundisho la mafuta na moyo. Alikuta watu wanaoishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho kwa hesabu za Marekani kilipaswa kuwamaliza, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini, nao walikuwa wembamba, wakitembea kutwa nyuma ya mifugo. Vipimo vya umeme wa moyo havikuonyesha ugonjwa wa kutajika. Wengi husimulia hadi hapo tu, na kuwafanya Wamasai shahidi wa kwamba mafuta hayana neno.

Lakini Mann aliendelea. Alikusanya mioyo na mishipa mikuu ya Wamasai 50 waliokufa, akaipasua na kuipima, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1972 hayakumpendelea mtu. Utando wa mafuta ulikuwepo. Ukuta wa ndani wa ateri za moyo ulikuwa umenenepa kiasi cha kulingana na wa wazee wa Marekani. Tofauti ilikuwa kwamba ateri zenyewe zilikuwa zimetanuka kadiri umri ulivyoongezeka, hata nafasi ya damu kupita ikabaki kubwa, na dalili za moyo uliowahi kupatwa na mshtuko hazikuonekana. Mann aliyahusisha hayo na mwendo na kazi ya mwili. Kwangu mimi hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote katika historia hii, kwa sababu inaonyesha kwamba utando ndani ya ateri si hukumu ya kifo. Inategemea unaishi katika mwili gani: mwili wenye misuli inayofanya kazi na kiuno chembamba, au mwili ambao sukari, presha na mafuta vimevurugika kwa pamoja.

Kufikia miaka ya 1980 vipande vyote vilikuwa mezani. Huko Göteborg, Uswidi, wanaume 792 waliozaliwa mwaka 1913 walipimwa kiuno na nyonga na kufuatiliwa miaka 13; matokeo ya mwaka 1984 yalionyesha kwamba uwiano wa kiuno na nyonga ulitabiri kiharusi na ugonjwa wa moyo, wakati uzito wa mwili kwa jumla haukutabiri vizuri. Wajerumani Hanefeld na Leonhardt, wa Dresden, mwaka 1981 walikuwa wameshaandika juu ya sindromu ya umetaboli, yaani mkusanyiko wa kasoro katika namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Waliandika kwa Kijerumani, ndani ya nchi iliyofungwa mipaka, na dunia haikusoma.

Aliyesomwa ni Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tangu mwaka 1970 yeye na John Farquhar walikuwa wamebuni njia kali zaidi ya kumpima mtu usugu wake kwa insulini: walizuia kongosho lake lisitoe insulini kwa dawa, wakamtiririshia insulini na sukari kwa kiwango kilekile kama wengine, kisha wakatazama sukari ya damu imekaa wapi. Kwa kuwa kila mtu alipata insulini sawa, sukari iliyobaki juu ilionyesha usugu wa mwili wenyewe. Waliona usugu huo hata kwa watu wasio na kisukari, wengine wembamba. Mwaka 1988, akitoa mhadhara wa Banting mbele ya chama cha kisukari cha Marekani, Reaven alisema usugu wa insulini ndio mzizi unaozaa sukari kupanda, trigliseridi kuongezeka, HDL kupungua na presha kupanda, na kwamba mkusanyiko huo unachangia sana ugonjwa wa ateri za moyo. Akauita Sindromu X. Kitambi hakukitia katika orodha yake. Mwaka uliofuata Norman Kaplan wa Dallas alikitia, na kukiweka mbele.

Sasa iliwezekana kueleza njia yenyewe, kutoka tumboni hadi moyoni. Mafuta yaliyozunguka matumbo hayakai kimya kama yale ya nyonga. Huachia asidi za mafuta, na nyingi huingia katika mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likifurikiwa hutengeneza chembe nyingi zenye trigliseridi na kuzimwaga katika damu. Chembe hizo hubadilishana mafuta na chembe nyingine: HDL, inayosaidia kuondoa kolesteroli mwilini, hupungua, na LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, hugeuka kuwa vijichembe vidogo vizito, vinavyopenya kwa urahisi zaidi chini ya utando wa ateri na kuharibika humo. Kinga ya mwili huleta seli za kuvimeza. Zikishiba haziwezi kutoka, nazo ndizo seli za povu alizoziona Anichkov. Wakati huohuo insulini iliyozidi huifanya figo ishikilie chumvi, na presha hupanda. Ukuta wa ateri hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kutoa oksidi ya nitrojeni, gesi inayoilegeza. Na ini pamoja na mafuta ya tumboni huongeza protini inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, ili siku utando utakapopasuka, donge libaki pale lilipo.

Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na mwenzao walionyesha kwa panya kwamba mafuta ya mwili yenyewe hutoa kemikali ya mwako, na kwamba kemikali hiyo huzidisha usugu wa insulini. Mwaka 1999 Russell Ross wa Seattle, mwaka uleule wa kifo chake, alichapisha makala iliyoitaja atherosklerosi kuwa ugonjwa wa mwako. Virchow na Anichkov wakapatanishwa: mafuta ndiyo chanzo, mwako ndio mwendo wake, na kitambi huchangia yote mawili.

Ushahidi wa watu walio hai ulifuata upesi. Kuopio, mashariki mwa Finland, wanaume 1,209 wasiokuwa na ugonjwa wa moyo, kisukari wala saratani walipimwa na kufuatiliwa miaka 11 hivi. Waliokuwa na sindromu, kwa kigezo cha Marekani, walikufa kwa ugonjwa wa ateri za moyo mara 2.9 hadi 4.2 zaidi ya wenzao. Bruneck, kaskazini mwa Italia, madaktari walitazama ateri za shingo kwa mawimbi ya sauti, wakarudia baada ya miaka mitano, na kuona kwamba wenye sindromu ndio waliootesha utando mpya zaidi.

Hapo yakazuka mabishano juu ya vigezo, ambayo sina haja ya kuyarefusha. Shirika la Afya Duniani lilitoa kigezo chake mwishoni mwa miaka ya 1990, Wamarekani wakatoa chao mwaka 2001, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likatoa chake mwaka 2005, na mwaka 2009 wakakubaliana: mtu mwenye mambo matatu kati ya matano, yaani kiuno kipana, trigliseridi juu, HDL chini, presha juu na sukari juu, anayo sindromu. Lenye uzito zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 2005 vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya vilihoji kama sindromu ina faida yoyote kuliko kutibu kila kasoro peke yake, na Reaven mwenyewe akaandika kama mtu anayemzika mtoto wake. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachohitaji kueleweka ni usugu wa insulini, si kuhesabu visanduku.

Kwa daktari wa utafiti hoja hiyo ni ya haki. Kwa mgonjwa wa kawaida wa kwetu sikubaliani nayo. Mtu huyu huenda kliniki ya presha siku moja na kliniki ya sukari siku nyingine, ana madaftari mawili, na hakuna anayemweleza kwamba ni ugonjwa mmoja wenye nyuso mbili wala kwamba unaelekea kwenye ateri zake. Visanduku vitano, hata kama havina ufasaha wa sayansi, humlazimisha muuguzi kumtazama mtu mzima.

Na dawa zimeanza kuthibitisha muungano huo. Mwaka 2015 dawa ya kisukari iitwayo empagliflozin, inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38 kwa wagonjwa wa kisukari waliokwisha kuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa. Mwaka 2023 semaglutide ilijaribiwa kwa watu 17,604 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo au mishipa lakini wasio na kisukari. Vifo vya moyo na mishipa, mishtuko ya moyo na viharusi kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 20. Dawa iliyobuniwa kwa ajili ya sukari ililinda mishipa ya watu wasio na kisukari. Lakini ilipotoka, bei yake ilikuwa mbali na uwezo wa mkulima wa Hai au mama lishe wa Tandika.

Tanzania ilikuwa na mtu aliyeona mapema. Donald McLarty, aliyefundisha udaktari Muhimbili, pamoja na Andrew Swai na wenzao, waliwapima watu 6,299 katika vijiji sita na kuchapisha matokeo mwaka 1989: kisukari kilikuwa chini ya asilimia moja. Badala ya kuridhika, McLarty aliendelea kutazama mjini. Takwimu za vifo zilizokusanywa miaka ya 1990 Dar es Salaam, Hai na Morogoro zilionyesha kwamba kiharusi, kwa umri uleule, kilikuwa kikiua watu kuliko Uingereza. Presha ilikuwa imefika kabla ya sukari, na wengi hawakuwa wakiitibu. Baadaye kikundi kingine kiliwafuata watu 209 waliohama vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam, kikawapima kabla ya safari na kwa mwaka mzima baada yake. Kazi nzito ya mwili iliporomoka, na wanaume kwa wanawake waliongezeka zaidi ya kilo mbili. Si kila kitu kiliharibika: mboga na matunda viliongezeka mezani, na trigliseridi hazikupanda.

Swali lililobaki wazi kwa muda mrefu lilikuwa la kiuno chenyewe. Mwaka 2005, vigezo vilipotolewa, Wahindi, Wachina na Wajapani walipewa vipimo vyao. Waafrika wa kusini mwa Sahara waliambiwa watumie vya Wazungu, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, mpaka takwimu zao zipatikane. Zilipatikana mwaka 2018, watafiti walipounganisha vipimo vya zaidi ya watu 24,000 wa nchi za Afrika. Kwa mwanamke namba ilikuwa 81, karibu sawa na ya Ulaya. Kwa mwanamume ilikuwa 81 pia, pungufu ya ile ya Ulaya kwa sentimita 13. Mwanamume wa Dar es Salaam mwenye kiuno cha sentimita 88, ambaye kwa kipimo cha zamani aliambiwa hana neno, kwa kipimo hiki anastahili kupimwa presha, sukari na mafuta ya damu siku hiyohiyo, na futi ya fundi cherehani inatosha kumtambua.